Siku Bibi Sikubali Aliponyamaza

Katika kamati ya shule ile kila mtu alikuwa na kazi yake, na hakuna aliyempangia mwenzake. Zilijipanga zenyewe kama kuku wanavyojipanga jioni juu ya kichanja. Mwenyekiti, muuza misumari na mabati, kazi yake ilikuwa kufungua kikao, kukifunga, na katikati kutazama saa. Nesi mstaafu aliomba dua. Seremala alishukuru, alikuwa na sauti ya kushukuru, nzito, yenye kutetemeka kidogo mwishoni, hata mgeni aliyeleta boksi moja la chaki aliondoka akijiona kajenga hospitali. Na Bibi Sikubali alikataa.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Akiitwa kwa jina hilo zahanati, ilibidi jirani amguse bega. Nyumbani hakuwa mkorofi wala hakuwa na ugomvi na mtu. Majirani walikuja kuazima sufuria kwake wala hakuwauliza zinarudi lini. Mambo yalibadilika akishakaa kikaoni.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mkubwa kutoka halmashauri huja na jambo lake. Watu huitikia kwa vichwa, ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa, mpaka mkubwa mwenyewe anaona haya. Hakuna aliyependa kumkatalia mgeni usoni. Mwenyekiti alikuwa na leseni ya duka, seremala aliitegemea halmashauri kwa kazi za madawati, nesi pensheni yake ilipitia ofisi zile zile, na wengine walikuwa na adabu tu, ugonjwa usio na dawa. Halafu hufika pale pa kuuliza kama kuna mwenye maoni. Hapo ndipo Bibi Sikubali hufunga mtandio kiunoni, husimama na kukataa. Akishakataa, wengine huguna kwamba bibi naye ana neno. Mkubwa hukuna kichwa, husema basi jambo lirudi likaangaliwe upya, na likishaondoka halionekani tena, kama kijiko cha kuazima.

Ndivyo alivyokataa tangi la maji lisijengwe mgongoni mwa vyoo. Ndivyo alivyokataa uzio ambao ungewazungusha watoto nyuma ya machinjio kila asubuhi. Ndivyo alivyokataa tai. Siku ya tai alimuuliza mkubwa mtoto kafanya kosa gani hata afungwe shingoni kama mbuzi wa mnadani, na mkubwa, aliyekuwa amevaa tai, akajishika shingo. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akasahau saa.

Ila kukataa alishakuzoea. Walipoletewa rangi ya bure, ya samawati, aliikataa, kwamba itawatia watoto usingizi. Kengele mpya aliikataa kwa sababu mlio wake ulifanana na wa muuza aiskrimu. Mara moja mwenyekiti alipotangaza kwamba kikao kimefungwa, alisimama akakataa na hilo, na siku hiyo hata yeye mwenyewe alijicheka njia nzima. Basi jina likatembea. Likashuka barabara, likapanda ngazi za halmashauri, likaingia ofisini, na huko nako wakacheka. Lakini kicheko cha huko hakikuwa sawa na cha hapa.

Halafu likaja hili la madarasa.

Mwalimu mkuu ndiye aliyewaeleza, huku akifutafuta meza isiyo na vumbi. Halmashauri inataka watoto wa kuanzia darasa la tano kwenda juu wahamie shule kubwa, ile ya ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya kilima. Hapa watoto ni wachache, walimu wachache, madarasa yako nusu tupu. Kule kuna mwalimu wa kila somo na jengo la ghorofa. Vyumba vitakavyobaki vitakuwa ofisi ya kata. Ukilisikiliza hivi hivi ni jambo jema. Bibi Sikubali, kama asingekuwa na Chiriku, angelikataa kwa mazoea tu na usiku akalala fofofo.

Chiriku alikuwa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe dereva wa malori ambaye kumwona nyumbani ni kwa kubahatisha. Mama wa mtoto aliolewa kwingine. Chiriku alizaliwa na nyonga isiyokaa mahali pake. Mguu wa kushoto ukawa mfupi na mwembamba, akawa anatembea na mkongojo mmoja wa mti. Mdomo ndio uliokuwa na miguu yote miwili. Alisoma kila kilichoandikwa: magunia ya saruji, vibandiko vya madirisha ya duka, gazeti lililofungiwa sabuni, nusu ya habari iko hapa na nusu imebaki kwa mwenye duka, naye hurudi dukani kuulizia ile nusu. Alimsomea bibi yake maelezo ya dawa ya mende kwa sauti ya mhubiri, na alipofika kwenye "weka mbali na watoto" aliweka kopo chini akasogea.

Shule ilikuwa hapo juu ya kichochoro. Bibi aliweza kusimama mlangoni na sufuria mkononi akamwona mtoto anapanda, anapumzika kwenye kibanda cha fundi viatu, anambishia fundi viatu kidogo, anapanda tena, anaingia getini. Mwisho wa mwaka angemaliza la nne. Kule nyuma ya kilima, watoto wenye miguu mizima walifika wamelowa jasho chapachapa. Hakuhitajika mtu wa kumfafanulia bibi. Madarasa yakihama, Chiriku hasomi.

Wiki ile ile nesi mstaafu alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakataa chai. Nesi kukataa chai ilikuwa habari tosha. Alisema mwalimu mkuu kamnong'oneza kwamba ofisini wameshajiandaa. Wanaambiana kuwa shule ile ina bibi mmoja anayekataa hata mvua. Akisimama mwacheni apumue, akimaliza endeleeni.

"Kwa hiyo neno lako halihesabiwi, dada yangu," nesi alisema, macho yakiwa sakafuni. "Samahani, lakini ndivyo."

Bibi aliendelea kuchambua maharage. Alitupa jiwe moja, akatupa na haragwe zima bila kuona.

"Hata nikisema la kweli?"

"Hasa la kweli. Watalijuaje?"

Jioni yake walikutana kwenye karakana ya seremala, wanne tu, miguu imezama kwenye maranda. Mwenyekiti alikalia meza ambayo bado haijalipiwa na aliyeiagiza, akiomba radhi kila ilipolia. Wakakubaliana. Safari hii watasema wengine, wale ambao hawajawahi kupinga kitu, ili halmashauri ishtuke. Seremala ataanza. Nesi atafuata na habari za nyonga ya mtoto, kwa lugha ya hospitali. Mwenyekiti atafunga kwa kusema kamati haijaridhia.

"Na mimi?" bibi aliuliza.

"Wewe unanyamaza," alisema mwenyekiti.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nyumbani kwako. Ukisimama tu, umetuharibia."

Bibi alimtaka kila mmoja amwonyeshe atakavyosema. Seremala aliweka penseli sikioni, akaugeukia mlango aliokuwa anaupiga randa, akauambia kwamba watoto wetu si mbao za kupakia na kushusha, na kama halmashauri inataka ofisi, ijenge. Aliyasema vizuri mno. Mlango haukuwa na la kujibu. Nesi akasema yake, mwenyekiti yake, na bibi akaondoka pale moyo umemtulia, ingawa kwa mbali alikuwa na kijiwivu. Miaka yote hiyo kumbe watu wana midomo.

Chiriku alipoambiwa, aliangua kicheko mpaka mkongojo ukaanguka.

"Bibi, utaweza kweli kunyamaza?"

"Nitaweza."

"Hata afisa akisema mbili na mbili ni tano?"

"Hata akisema ni mbuzi."

Mtoto akaokota mkongojo wake, akauzungushazungusha. "Unanyamaza kwa ajili ya mguu wangu?"

"Kwa ajili ya kichwa chako. Mguu hausomi."

Kikao kilifanyika darasa la sita, Jumamosi, jua la asubuhi likiingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Ubaoni palikuwa na picha ya jino kubwa lenye mizizi, na hakuna aliyelifuta. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa, maua ya plastiki, na soda za wageni ambazo kila mtu alijitahidi kutozitazama. Nesi alimsukumia bibi peremende ya mviringo, ngumu kama kokoto, akamwambia aiweke mdomoni na asiitafune. Bibi akaiweka shavuni, akakaa safu ya pili, mikono juu ya dawati kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Walitarajia mkubwa mwenye tumbo na haraka. Akaja kijana mwembamba, afisa elimu, shati limepigwa pasi hadi mifukoni. Aliwazungukia wazee wote, safu kwa safu, akiwapa shikamoo kwa mikono miwili. Kwa seremala alisimama, akapapasa dawati, akauliza ni nani aliyetengeneza kitu kizuri namna hii. Seremala akasema ni yeye, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Kwa nesi aliinama kabisa. Kwa Bibi Sikubali alitabasamu, akashikilia mkono wake kidogo zaidi, kama mtu anayekutana na mlima aliouona kwenye picha.

Akaeleza. Hakutisha, hakuharakisha. Alisema anajua kilima ni kirefu, kwani na yeye alisoma kwa kutembea. Alisema serikali haina walimu wa kugawa kila kichochoro. Hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo lililomtia bibi baridi. Muongo, bibi angemweza.

"Sasa, wazee wangu," akasema, "kuna mwenye maoni tofauti?"

Ni hapo bibi alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika vikao vyote alivyokaa, kwa sababu wakati huo siku zote alikuwa anasimama. Vichwa vyote viligeuka. Havikugeukia kwa afisa, havikugeukia kwa seremala. Vilimgeukia yeye. Darasa zima lilimtazama kwa utulivu, kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Alikaza macho kwa seremala. Seremala alikuwa anachunguza kichwa cha msumari. Akamkanyaga nesi mguu. Nesi akakohoa, akamtazama kama anayesema, anza wewe kidogo tu, tutakufuata.

Mwisho seremala akasimama. Moyo wa bibi ukaruka. Seremala akavuta suruali, akasafisha koo, akasema kwa niaba ya wazazi angependa kumshukuru mgeni. Akamshukuru kwa kuja. Akamshukuru kwa kuwaheshimu wazee. Sauti ikawa inapanda, nzito, ikafika pale inapotetemeka, na watu wakaanza kutikisa vichwa kwa raha. Kisha akafika mahali ambapo shukrani huishia. Akasimama pale. Bibi aliona midomo yake inatafuta, mkono unapapasa sikio kama penseli ingekuwa na jibu. Zile mbao za kupakia na kushusha alikuwa nazo, jana alikuwa nazo, lakini njia ya kutoka kwenye shukrani kwenda kwenye mbao hakuwahi kuipita maisha yake yote. Hapo siku zote hukaa, na mtu mwingine husimama. Akasema tena tunashukuru, akakaa. Watu wakapiga makofi.

Nesi hakunyanyuka. Alikuwa amejiandaa kufuata, na hapakuwa na cha kufuata.

Mwenyekiti akatazama saa, akamtazama bibi, akatazama saa. Jasho lilimtoka puani. Alikuwa anamsihi kwa macho, mtu yule yule aliyemwambia akisimama ameharibu.

"Basi kama hakuna mwenye neno," akasema, akalivuta neno hilo mpaka likakatika, "basi."

"Basi tumekubaliana," alisema afisa kwa upole, akaanza kukusanya vitu vyake.

Bibi Sikubali akameza peremende nzima. Iliteremka kama jiwe kisimani, machozi yakamtoka, na akasimama.

"Sikubali," alisema.

Na darasa likacheka. Halikumcheka yeye, lilicheka kwa kupona. Pumzi zilizokuwa zimefungiwa tangu asubuhi zilitoka zote kwa pamoja, watu wakapigana mabega, mmoja akasema nilijua tu. Hata afisa alicheka, kicheko kizuri cha mjukuu.

"Mama, nilikuwa nakusubiri," alisema. "Ningerudi ofisini bila kukusikia, wangeniuliza kama kweli nilifika."

Bibi akasema kuna mtoto. Akasema mguu, kichochoro, kibanda cha fundi viatu, kilima, barabara kuu. Alisema ovyo, hakuwa amejiandaa. Maneno aliyoyazoea yalikuwa ya kuchekesha, na haya hayakuchekesha, yakawa yanamponyoka. Watu waliendelea kutabasamu wakingoja pale pa kuchekea. Afisa ndiye pekee aliyeacha kutabasamu. Aliinamisha kichwa, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mama yangu, nisamehe nikuulize," akasema. "Katika yote yaliyoletwa shuleni hapa, ni lipi umewahi kulikubali?"

Bibi akafungua mdomo. Akatafuta. Akapita kwenye tangi, kwenye uzio, kwenye tai, kwenye rangi ya samawati. Akafikiria aseme bomba la maji ya mvua, akakumbuka kwamba bomba nalo alilipinga, likawekwa kwa nguvu, na ni zuri sana. Akasimama pale mdomo wazi mbele ya lile jino la ubaoni.

"Habari za mtoto tutaziangalia," alisema afisa, na alimaanisha. Kisha akagawa soda.

Nje watu walimpongeza. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko vyote. Walimshika mikono, wakamwambia leo kawatia presha, kachelewa mno, lakini kama kawaida kawaweza. Sasa jambo litarudi likaangaliwe upya, na ndiyo imetoka hiyo. Walikwenda zao wakizungumza habari nyingine. Seremala alibaki nyuma anajifuta uso na kofia.

"Nilidhani husimami," akamwambia.

"Tulikubaliana nisisimame."

"Ndiyo. Tulikubaliana. Lakini..." Akatazama kofia ndani, nje, akaivaa.

Bibi alisubiri siku kadhaa, kisha akafunga safari hadi halmashauri, akakaa kwenye benchi la watu wanaongoja, mpaka kijana yule alipomwona akamwingiza ndani na kumpa kiti chake mwenyewe. Akamwambia kwamba limeshapita. Kamati iliridhia.

"Mimi nilikataa," alisema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Sasa?"

Kijana alisugua paji la uso. Akasema wakubwa wake walimuuliza kama kulikuwa na pingamizi, naye akajibu kwa ukweli kwamba alipinga Bibi Sikubali. Wakauliza, na wengine? Akajibu kwa ukweli kwamba wengine walishukuru. Kuhusu mtoto, ameuliza gari la shule, hakuna. Ameuliza kama mtoto anaweza kubaki, lakini abaki kwenye darasa gani, na darasa lenyewe linahama? Akamsindikiza bibi hadi chini, akimshika mkono kwenye ngazi. Bibi alitamani sana awe mtu mbaya.

Likizo ilipokwisha lori lilikuja kuchukua madawati. Seremala aliitwa kukata dirisha la kupokelea watu kwenye chumba kilichokuwa la sita. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, ameinama, na kila bibi alipopita pale nje msumeno uliongeza kasi.

Siku ya kufungua, bibi na Chiriku walitoka kabla ya jua. Kichochoro Chiriku alikipanda anaongea. Kwenye kilima alikuwa anaongea kwa vipande. Barabara kuu walisimama ukingoni muda mrefu, malori yanapita na upepo wake, mtoto anasoma maandishi ya ubavuni kwa kunong'ona, na kila bibi alipoona nafasi, mguu ule mmoja uliona haitoshi. Walipofika, kengele ilishalia. Shule ilikuwa nzuri kweli. Ukuta umepakwa rangi ya samawati. Darasa la tano lilikuwa ghorofani.

Mwalimu wa kule hakuwa na ubaya. Alieleza kwamba vyumba vya chini ni vya watoto wadogo, na kikipatikana kimoja watamshusha. Chiriku akampa bibi mkongojo, akakaa kwenye ngazi ya kwanza akiipa mgongo, akajisukuma juu kwa mikono, ngazi moja, ngazi nyingine, na watoto waliochelewa wakimpita kwa kujibanza ukutani kwa adabu. Juu alipofika, sketi yake nyuma ilikuwa nyeupe kwa vumbi la chaki. Hakugeuka kumpungia bibi.

Walikwenda hivyo kwa muda. Kisha nyonga ikavimba. Nesi aliikanda, akaifunga, akaitazama tena wiki nyingine na kuikanda tena, na siku moja alimaliza kuifunga akabaki ameshika ncha ya bandeji. Bibi akamuuliza. Nesi akajibu kwamba akiendelea hivi, hata kile kichochoro kitamshinda ukubwani. Wakanywa chai, zamu hii bila kukataa, ikawapoa mikononi.

Watu walikuwa wema. Seremala alileta mkongojo mpya, umepigwa msasa na kupakwa vanishi, wenye sehemu ya kwapa iliyoshonewa sponji. Hakuna mtu mjini aliyekuwa na mkongojo kama ule. Mwenyekiti aliagiza mtoto asilipishwe kitu chochote dukani kwake, ingawa mtoto ana haja gani na misumari. Wote walisema kwa masikitiko ya kweli kwamba halmashauri imewaonea. Walipotaja siku ile ya kikao, walisema bibi alijitahidi mno, lakini safari hii wakubwa waliwazidi. Hakuna aliyekumbuka karakana. Bibi hakuwakumbusha. Kuwakumbusha kungekuwa kukataa tena, na kukataa kulishamwisha.

Asubuhi Chiriku hukaa kizingitini, anachambua maharage. Watoto wa jirani hupita na mikoba, humsalimu, huharakisha, maana kilima hakimsubiri mtu. Jioni moja msichana wa jirani alimwachia kitabu chake cha hesabu cha la tano hadi asubuhi. Chiriku alikifungua kabla hata mwenye kitabu hajafika kwao. Akasoma, akarudia kusoma. Ilikuwa ni habari za namba zenye nukta katikati.

"Bibi, hii nukta inafanya nini hapa?"

Bibi alivuta kigoda. Akakishika kitabu mbali na uso, akakileta karibu, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Aliitazama ile nukta kwa muda, ndogo kama kinyesi cha nzi. Akaijaribu kwa mbinu zote alizokuwa nazo.

"Sijui, mwanangu," alisema mwisho.

"Nyinyi hamkufundishwa?"

"Mimi niliishia la nne. Nilitolewa nikalee wadogo zangu."

Chiriku akamtazama, halafu akakitazama kitabu. "Kumbe tumefika pamoja," alisema.

Hakucheka, na bibi naye hakucheka. Mtoto alikifunga kitabu cha watu, akakifuta jalada kwa kiganja, akakiweka juu ya kabati kisije kikapata mafuta. Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa kile chake cha zamani, cha la nne, ambacho kurasa zake zote alizijua bila kutazama. Akakipakata, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea bibi yake.